Bunju Niliyemchagua Mwenyewe

Vitongoji,
Chake Chake, Pemba.
22 Novemba, 1959.

Mpendwa Dada yangu Shariffa,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nashika miguu yako kutoka huku ng'ambo, na nataraji barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, magoti hayakuumi na pumu haijakuandama tena. Huku mvua za vuli zimeanza kwa fujo, na kila nikisikia mtu anakohoa nakufikiria wewe. Yale mafuta ya habbasoda niliyokupelekea kabla ya msiba yalikufaa, au umeyaweka kabatini kama ada yako ukasema utayatumia ukizidiwa? Na mwanao Khairiya vipi na mimba yake? Mwambie asinyanyue vitu vizito na asikae penye upepo. Shemegi namsalimu kwa heshima.

Mimi ni mzima, Alhamdulillahi. Nala, nalala, naswali. Nimeanza na hayo kwa kuwa najua ndiyo unayoyatafuta katika karatasi hii kabla ya jengine lolote.

Barua yako niliipata Jumatano. Safari, huyu mchukuzi wetu wa maji, aliichukua posta ya Chake akaniletea imelowa pembeni. Unasema Zahran, ndugu wa marehemu mume wangu, amekwandikia kuwa shemegi yake hayuko sawa tangu atoke eda. Nashinda mbele ya sanduku la samaki, nasema peke yangu, na sasa nimeingiza bunju ndani ya nyumba. Unasema ulilia mpaka Khairiya akadhani umefiwa. Unasema mwezi ukimalizika mwanao Nyange atakuja na meli kunichukua, na chumba changu huko Mombasa kimeshapigwa chokaa na kitanda kimetandikwa.

Nakushukuru, Dada. Mama alipotutoka wewe ndiye uliyenisuka nywele, ukanifunza Fatiha, ukanitoa mwari kwenye nyumba yako. Sina ulimi wa kukujibu jeuri. Nakwandikia ili mambo haya uyasikie kwangu, maana Zahran ameyaeleza kama alivyoyaona yeye, naye aliyaona amesimama mlangoni na kofia mkononi, hata kikombe cha kahawa hakutaka.

Kwanza huyo bunju. Najua jina lake tu linatosha kumtoa mtu jasho. Hakuna mtoto wa Pemba asiyejua kuwa samaki huyu haliwi, ana sumu ya kuua, na wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukinitisha naye nilipokuwa nikichezea samaki jikoni. Kwa hiyo naelewa alichokiogopa Zahran ingawa hakukisema, na naelewa ulichokiogopa wewe ingawa hukukiandika. Acha nikiandike mimi: mnaogopa nitamla. Sitamla, Dada. Hebu vuta pumzi kwanza, kisha nisikilize taratibu.

Sanduku lile la kioo hukupata kuliona, kwa hiyo nikueleze. Nasor, Mungu amrehemu, aliliona la mfano wake kwa Mzungu mmoja wa serikali pale Chake, akarudi nyumbani hana usingizi. Akanunua vioo vya duka lililofungwa, fundi akamtilia fremu ya chuma, likazibwa kwa lami, likawekwa ukumbini kuelekea mlango ili jicho la mgeni lisipate pa kupita. Kila asubuhi Safari huja na mzega wake wa madebe mawili ya maji ya bahari, akateka ya zamani akatia mapya. Jirani wakatucheka mwanzo, kuwa Nasor ananunua maji ya chumvi na bahari iko uani. Kisha wakaja kutazama, wakanyamaza.

Nasor alikuwa hamwulizi samaki uzuri wake. Aliuliza nani mwengine anaye. Akiambiwa hakuna, basi samaki huyo ni wake kwa gharama yoyote. Alikuwa na mmoja mwenye miiba iliyokunjuka kama upepeo, aliyeletewa kutoka Misali, na mwengine mweusi mwenye taji la manjano ambaye wavuvi wenyewe walisema hawamjui. Zahran naye akatengeneza sanduku lake huko Chake, na mfanyabiashara mmoja wa Wete akatengeneza lake, wakawa watu wazima watatu wanashindana kama watoto wa skuli kwa gololi. Wageni wakawa hawatuishi. Mimi kazi yangu ilikuwa kupangusa kioo kabla hawajafika, kisha kukaa nyuma ya pazia na birika la kahawa. Nilikuwa nawasikia wakistaajabu. Nasor hakupata kuniuliza hata siku moja nampenda yupi, na simlaumu, kwani hata mimi sikupata kujiuliza.

Basi Mola akamchukua, baada ya Iddi ya Hajj, kama unavyojua, na pumu ikakuzuia usije. Nikaingia eda. Shangazi yake Nasor, Bi Moza, akaja kunisimamia, na wewe wamjua Bi Moza kwa kushika mila. Siku ile ile akafunika vioo vyote vya nyumba, cha kabati, cha ukutani, hata kile kidogo cha marehemu cha kunyolea, ili mjane nisijione sura. Alipofika ukumbini akasimama mbele ya samaki, akawatazama sana. Kisha akasema, "Na hiki nacho kioo." Akatandua shuka kwenye kitanda cha wageni akalifunika sanduku zima mpaka chini, akalifunga kwa kamba.

Nilikuwepo na sikumzuia. Nilikuwa nimekaa juu ya mkeka, kichwa kimejaa maji. Safari alipokuja na madebe yake akaambiwa mambo ya samaki yamekwisha, nenda zako. Hakuna aliyekumbuka kuwa chini ya shuka mna roho.

Baada ya siku kadhaa ikatoka harufu. Wanawake wote waliokuja kunipa pole wakakubaliana kuwa panya kafa darini. Wakapandisha mtu na ngazi, akarudi na vumbi tupu. Wakafukiza ubani, harufu ikazidi. Mimi nikajua, sijui niseme nilijuaje. Wakati wa adhuhuri, walipokuwa wote uani wanatawadha, nikainuka nikafungua kamba nikavuta shuka.

Walikuwa wanaelea, Dada. Yule wa Misali na miiba yake imelala, yule wa taji, wote, na maji yamekuwa kama uji wa jana. Nikalia pale kwa sauti, nililia kuliko siku ya maziko. Siku ya maziko kila nikifungua mdomo yupo mtu wa kuniambia nisubiri, niseme Inna lillahi. Kwa samaki hakuna aliyejua aniambie nini. Bi Moza alisimama na maji ya udhu yanamchuruzika mikononi.

Na chini kabisa, juu ya mchanga, akawa anatikisika mmoja. Huyo hakuwa katika samaki wa Nasor. Alikuwa katika vile visamaki vya vidimbwini alivyokuwa akiwatilia wakubwa wapate kula, rangi yake ya mchanga, urefu wake kidole. Wote wameliwa yeye akasalia, na waliowala wenziwe wamekufa yeye akasalia. Hana jina. Kila niliyemwuliza ananambia ni kisamaki tu.

Bi Moza alitaka kila kitu kimwagwe. Nikamwomba amwulize kwanza Shehe, na hapo, haki ya Mungu, alifanya uungwana, akaenda mwenyewe kwa miguu na mwamvuli. Shehe akamjibu kuwa sanduku la samaki si kioo cha kujitazamia, na kumfungia kiumbe bila ya chakula ni dhambi, eda au si eda. Bi Moza akarudi na jibu hilo. Kesho yake akamwita Safari mwenyewe, akasimama kumwonyesha pa kumwaga, kana kwamba fikra ilikuwa yake.

Hivi ndivyo nilivyokaa eda yangu na kisamaki kisicho jina. Wanawake walianza kupungua. Karafuu zilikuwa zimezaa mwaka huu mpaka matawi yanavunjika, na wewe wajua karafuu zikiiva Pemba hakuna mtu wa kukaa na mtu. Waliopanda juu walipanda, waliobaki chini wakachambua. Bi Moza mwenyewe akenda shambani kwake Ole kusimamia, akawa ananitazama Ijumaa kwa Ijumaa. Nyumba ikabaki na mimi. Wewe hujapata kukaa peke yako, Dada, tangu uzaliwe, kwa hiyo sijui nikuelezeje. Nazi moja yanishinda. Nakuna nusu, nusu ya pili yachacha. Nimezoea kupika kwa sauti ya mtu anayekohoa barazani, sasa napika na sijui chumvi imetosha au haikutosha, maana hakuna wa kulalamika. Wakati wa magharibi ndio mbaya zaidi. Nawasha taa na nasikia mlio wa kiberiti mpaka mwisho wake.

Wale wageni wa Nasor hakurudi hata mmoja. Wengine walitoa mkono wa rambirambi kwa Zahran huko huko Chake. Nilidhani walikuwa wakija kwetu.

Basi ndiyo, nasema na samaki. Zahran hakukwambia uongo. Nilianza kwa kumwambia bismillahi nikimtilia chakula, kisha nikawa namweleza mvua imenyesha, kisha nikazoea. Nikikaa kwenye kibao changu huja mpaka kwenye kioo akasimama kwa mapezi yake ya mbele, kama mtu aliyeegemea ukuta akisikiliza habari. Huenda anangojea chakula tu. Mimi sijali, hata wengi waliokaa barazani kwetu walikuwa wakingojea chakula.

Eda ilipokwisha nikakoshwa, nikavaa nguo nyengine, vioo vikafunuliwa. Nikajitazama nikaona mtu mzima ambaye simjui vizuri. Zahran akaja siku ya pili na furaha yake, na debe limefungwa nyuma ya baskeli. Ameniletea samaki kutoka Tumbe, mwekundu mwenye mistari myeupe, wavuvi wamemwambia hajapata kuonekana huku. Akasema haifai sanduku la Nasor kukaa na takataka ndani yake, watu watasema nyumba imeanguka, na tena yupo mkubwa mmoja kutoka Unguja atakuja kulitazama. Kisamaki changu akasema kitakuwa kitoweo cha yule mwekundu.

Nilimtazama yule mwekundu ndani ya debe. Mzuri, sikatai. Lakini nikajiona niko nyuma ya pazia tena na birika la kahawa. Nikamwambia Zahran ahsante, ampeleke kwenye sanduku lake, mimi sina haja. Hakuamini. Aliniuliza mara mbili kama nimeelewa kuwa hakuna mwengine anaye. Nikamwambia nimeelewa sana, na akenda zake na maji yanamwagika njia nzima.

Tangu hapo nikawa na wazo moja, kuwa nende pwani mwenyewe nikatafute wa pili. Umri wote huu nimekaa Vitongoji na bahari naijua kwa kuisikia. Mke wa Nasor hakuwa mtu wa kuonekana miambani na nguo zimepandishwa. Nikamwendea Mwatum, huyu jirani yetu mvuvi wa pweza, ambaye ulimi wake unajulikana mpaka Chake. Akacheka kwanza, akanambia Bi Thuraiya miguu yako ni ya busati, miamba itaikata. Kisha akanipa viatu vyake vya kamba, na maji ya bamvua yalipotoka tukenda.

Laiti ungeniona, Dada. Mwatum mbele na kijiti chake cha pweza, mimi nyuma na ndoo, nakwenda kama kuku aliyevaa kanzu. Bahari imerudi mbali kabisa na kila shimo la jiwe limebaki na maji yake na watu wake. Mwatum akaniita kwenye dimbwi moja, mna kitatange, manjano na buluu na macho yamepigwa wanja. Akasema huyo ndiye wa kukaa nyumbani kwetu, hata Zahran atanyamaza. Nikainama nikamtazama muda mrefu nikingojea moyo useme kitu. Haukusema. Nikamwambia tuendelee, naye akaguna.

Dimbwi la tatu au la nne ndimo alimokuwa. Bunju mdogo, mwenyewe sawa na limau, madoa meupe mgongoni, macho makubwa yanayogeuka moja huku jengine kule. Mwatum akamgusa kwa kijiti amfukuze. Basi akajaa. Alijaa akawa duara, mapezi yanapiga upesi upesi na hayampeleki popote, na uso wake, unisamehe Dada yangu, ulikuwa uso wako siku ile Baba alipokukataza kwenda harusini kwa kina Bi Duni, ukakaa juu ya sanduku la nguo umevimba mashavu mpaka magharibi. Ni huo huo. Midomo ile ile. Nilicheka nikakaa chini majini na nguo zangu zote. Tangu siku ya msiba sikuwa nimecheka, na kicheko kilinitoka kwa nguvu mpaka mbavu ziliuma.

Nikamwambia Mwatum ninamtaka huyo. Akadhani mzaha. Akanambia huyo hata kunguru hamli. Nikakinga ndoo. Hapo akaacha kucheka, akaweka kijiti chake juu ya jiwe, akanikaribia.

"Bi Thuraiya, niambie kweli. Wataka kufa?"

Katika watu wote, Dada, Zahran na Bi Moza na wewe na wote wanaonipenda, ni Mwatum peke yake aliyeniuliza. Kwa hiyo sikumjibu haraka haraka. Nilifikiri. Nikamwambia kulikuwa na siku katika eda ambazo kama ningeambiwa kesho haiji nisingeuliza kwa nini. Lakini siku zile zimepita, na huyu nampeleka nyumbani kwa kuwa amenichekesha, nami nataka kumtazama kesho nione kama atanichekesha tena. Mwatum akanishika mkono akaniinua, akamteka bunju yeye mwenyewe pamoja na maji yake, akanambia tena nisimnyanyue hewani akiwa amejaa, atakufa. Ndoo akaibeba kichwani mpaka nyumbani.

Sasa wamo wawili. Kisamaki nimemwekea chungu kilichovunjika mdomo awe na pa kujificha, maana siku za mwanzo bunju alikuwa akimchokoza mkia. Sasa wamezoeana, kila mmoja na upande wake. Bunju anakula tondo ninaowaokota pwani, anawavunja na ganda lao, na mtafuno wake nausikia kutoka jikoni. Dada, hujui maana ya kusikia mtu anatafuna ndani ya nyumba yako. Asubuhi nikipita ananifuata kwa jicho moja mpaka nipotee. Nampenda. Hakuna mgeni atakayepanda baskeli kutoka Wete kuja kumtazama bunju, na mimi nampenda, basi.

Zahran alikuja kiasi cha wiki mbili zilizopita akamwona. Alibadilika rangi.

"Shemegi, huyu sumu."

"Najua. Simli."

Hakucheka. Nami sikusema zaidi, na hapo nafikiri nilikosea, maana alitoka hapa moja kwa moja akakwandikia wewe. Sisemi kuwa ana nia mbaya. Aliogopa kweli, na Nasor alikuwa ndugu yake wa pekee. Lakini nikwambie na hili, kwa kuwa nalo limo: anataka nyumba hii aifanye ghala la karafuu. Nimemwambia fungu langu la urithi na liwe ukumbi, chumba changu na jiko, yeye achukue vyumba vyote vilivyobaki ajaze magunia mpaka darini, harufu ya karafuu haijapata kumuudhi mtu wa Pemba. Amenijibu kuwa hawezi kumwacha mwanamke peke yake bila ya rukhsa ya mkubwa wake, na mkubwa wangu ni wewe. Akasema neno lako ndilo atakalolifuata. Kwa hiyo, Dada, kila kitu kiko kwenye kalamu yako.

Usidhani nakwambia kuwa huku ni raha. Mimi ni mpweke. Naliandika neno hilo kama lilivyo kwa kuwa sina wa kumwambia, na samaki hawasaidii kitu pale ninapotaka kuulizwa umeamkaje. Zipo siku Safari akichelewa na maji natoka mpaka njiani kumtazama, si kwa ajili ya maji. Huenda sitaweza. Huenda kabla ya masika nitakwandikia mwenyewe kuwa nimeshindwa, Nyange aje. Huko kwako kuna watoto, kuna redio, kuna Khairiya na mwanawe atakayezaliwa, na chokaa mpya. Nitapendwa, hilo nalijua. Nitapewa sahani ya kwanza na mahali pazuri pa kulala. Na kila kitu kitakuwa kimeshachaguliwa, kama kilivyokuwa kwako nilipokuwa mdogo, na kama kilivyokuwa kwa Nasor. Nimefika umri huu, Dada, na kitu nilichokichagua mwenyewe kwa kukipenda ni kimoja tu, nacho ni samaki asiyeliwa. Nataka nijaribu na vyengine. Sijui hata ni vipi, lakini nataka nikae humu ukumbini nivijue polepole.

Sanduku langu la nguo nimelifunga na liko mlangoni. Nimelifunga siku ile ile niliyosoma barua yako, ili usije ukasema Thuraiya amekukaidi. Nyange akifika atanikuta tayari nimevaa, na Mwatum ameahidi kuwarudisha samaki wangu dimbwini. Hilo ni juu ya amri yako na sitalipinga. Ila nakuomba kitu kimoja kabla hujamkatia Nyange tikiti. Chukua karatasi, usiniamuru na usinibembeleze, uniulize tu: Thuraiya, wewe wataka nini? Hujapata kuniuliza, wala Baba, wala Nasor. Niulize mara moja, Dada, na jibu nitakalokupa ulisome mpaka mwisho.

Wasalimie wote wa nyumba yako. Shemegi mpe salamu zangu na umwambie pole na mgongo. Khairiya nambusu, na mtoto akizaliwa salama niletewe habari upesi. Nyange mwambie asinikasirikie, nampenda. Bi Duni ukimwona mwambie harusi ya kwao bado naikumbuka, lakini usimwambie kwa sababu gani. Bi Moza anakusalimu, na Mwatum pia, ingawa hamjuani.

Mwenyezi Mungu akulinde kifua chako, akupe hewa ya kutosha na umri mrefu, akutilie baraka katika watoto na wajukuu, na atukutanishe tungali na macho ya kuonana. Amin.

Mimi mdogo wako akupendaye, anayengoja kuulizwa,

Thuraiya